Mshale Uliokwama Nusu, na Siku Nilipompeleka Ami Seif Mbweni

Haya, wanakwaya wenzangu, nimeshindwa. Tangu nirudi kutoka Mbweni simu yangu haijapoa. Huyu anataka kujua sauti yangu imekaukia wapi, yule amesikia nilisukumwa Mwenge na wachonga vinyago, mwingine ameambiwa nimemtorosha mzee wa watu. Kutorosha sikutorosha. Mengine yote ni kweli. Nimeona bora niyaandike mara moja, msome, mcheke, halafu mniache nishone.

Kwa wasiomjua, Ami Seif ni jirani yangu wa fremu hapa Mbagala. Mie nashona, yeye anauza vitambaa, vifungo na uzi ukuta wa pili. Ni mzee wa Kiarabu aliyezaliwa Temeke, mfupi, msafi, kofia yake haijawahi kukaa upande. Mie Mbena wa Njombe ananiitaga "binti wa baridi". Mtaa mzima unamwita Ami, ingawa wa kumwita ami kwa haki ni mmoja tu: Nasra, mtoto wa marehemu kaka yake.

Huyo kaka, Khamis, waligombana naye zamani juu ya duka la baba yao. Khamis alitaka liuzwe, Seif alitaka libaki. Likauzwa. Khamis akajenga Mbweni, na Seif akaapa hataikanyaga nyumba ile. Hakuikanyaga. Hata Khamis alipofariki, Ami alikwenda makaburini, akatia udongo, akarudi zake Mbagala bila kupita nyumbani kwa wafiwa.

Sasa Nasra anaolewa. Baba hana, babu hana, kaka hana. Walii wake, yaani mwanamume wa ukoo wa kumwozesha, ni Ami Seif. Nasra alipokuja kwangu kupima gauni alimaliza, akavuka ukuta wa pili, nami nikazima cherehani ili nisikie vizuri.

"Shikamoo Ami. Najua unaweza kumwachia mtu mwingine uwakala ukakaa hukuhuku. Mie sitaki wakala. Nakutaka wewe, sebuleni kwa baba."

Ami alishika futi akaanza kupima lesi ambayo hakuna aliyeiagiza. Akapima, akapima. Mwisho akasema, "Wasinitumie gari. Nitapanda na Upendo, si anapeleka gauni? Nikibadili mawazo njiani, nitateremka."

Hivyo ndivyo mie na kigari changu chekundu, Pilipili, tulivyobeba gauni la harusi na mtu wa kuozesha kwa safari moja.

Mbagala hadi bondeni Mtoni

Kuhusu Pilipili nyie ni mashahidi. Dada aliyeniuzia aliniambia, "Mshale wa mafuta unakaaga nusu sana." Mie nikaelewa ananisifia gari. Nikaweka mafuta siku ya kwanza, mshale ukapanda hadi nusu, ukatulia. Nikaenda sokoni, nusu. Nikaenda mazoezi ya kwaya, nusu. Nikampeleka mama mchungaji kliniki na kurudi, nusu. Ndipo nikasimama kanisani nikashuhudia kwamba Mungu amenipa gari lisilokunywa, mafuta yangu hayapungui kama ya yule mjane wa kwenye Biblia. Nyie mkaitikia Amina! Tena soprano ndio mlioitikia kwa nguvu.

Basi, mchana ule nililaza gauni kiti cha nyuma ndani ya mfuko wake, nikalifunga mkanda kama abiria. Ami alikaa mbele, kanzu nyeupe, joho amelikunja magotini, udi unanukia mpaka macho yanawasha. Mikono ameiweka juu ya mapaja, hagusi kitu. Tukaingia barabara ya Kilwa na foleni yake. Kila tukipita kituo cha basi alikuwa akigeuza shingo kukitazama, na mie nilikuwa naongeza maneno ili asahau kuwa milango ya gari hufunguka.

Tulipoanza kuteremka bonde la Mtoni, Pilipili ikakohoa. Ikakohoa tena, kama mbuzi aliyepaliwa na pumba. Nikakanyaga mafuta, ikashtuka mara moja, ikazimika. Kwa bahati ni mteremko, tukaserereka hadi pembeni.

Nikatazama mshale. Nusu.

Mnajua gari likiharibika Dar haliharibiki peke yake. Kabla sijafungua boneti walishafika washauri. Mmoja akasema plagi. Mmoja akasema betri. Mama mmoja mwenye beseni la mihogo mbichi alinusa dirishani akasema, "Kwa udi huu, mwanangu, labda mmepakia wengine msiowaona." Ami akamjibu kwa upole kwamba aliowaona ndio hao hao.

Akaja dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye sharubu, akashika Pilipili kwa nyuma akaitikisa kama mtu anayesikiliza nazi.

"Sista, humu mna upepo tu."

"Braza, mshale unasema nusu."

"Mshale hauendeshi gari, sista. Umeishiwa."

Nilicheka kwa dharau. Halafu nikaanza kukumbuka: sokoni, kwaya, kliniki ya mama mchungaji, sokoni tena. Ami akashusha pumzi ndefu.

"Binti wa baridi, hii ni ishara. Turudi."

"Ami, si ishara, ni petroli."

Nani aende kuleta? Mie siwezi kuliacha gauni la watu barabarani. Ami akatafakari, akateremka, akanikabidhi joho. Akavua kofia akaitia mfukoni, akavaa ile helmeti ya abiria, akapandisha kanzu hadi magotini. Miguu myeupe kama mihogo iliyomenywa! Akamuuliza mwenye sharubu, "Nishike wapi?"

"Nishike mimi, mzee wangu. Nikumbatie kabisa."

Pikipiki ikanguruma. Ikageuka. Ikaelekea Mbagala.

Nikingoja kando ya barabara

Jamani! Mtu aliyesema atateremka ameteremka. Anapita kwao, anafungua fremu, anarudi kwenye lesi zake. Na mie nitafika Mbweni na gauni zuri la bibi harusi asiyeolewa.

Simu ikaita. Nasra.

"Da Upendo, mmefika wapi?"

"Tuko njiani, tunakuja."

"Ami yupo?"

"Yupo. Amekwenda mara moja kutafuta mafuta."

"Mafuta gani? Ya nywele?"

"Ya gari, Nasra."

"Mpigie nizungumze naye."

"Hatasikia. Amevaa helmeti, amemkumbatia mtu."

Nikasikia kicheko kile cha mtu anayejaribu kuzuia wanja usiharibike. "Ami? Pikipiki?" Akacheka, nami nikacheka kwa woga, na yule mama wa mihogo akacheka bila kujua tunacheka nini. Mwishoni Nasra akaniambia kwa sauti ya chini, "Da Upendo, asipokuja nitaolewa, usijali. Lakini nitaolewa nikiwa nimenuna." Hapo hatukucheka.

Nilikaa juu ya ukingo wa mtaro, nimelipakata joho la watu. Pikipiki zinapita, hakuna hata moja yenye mzee. Mama wa mihogo alikaa pembeni yangu akanihadithia ndoa zilizovunjika mtaani kwao, zote, kwa mpangilio, kunifariji.

Kisha nikasikia honi. Inapigwa bila kupumzika, kama msafara wa bibi harusi. Ile pikipiki inateremka, na nyuma yake kanzu imejaa upepo kama mwamvuli, na Ami Seif mkono mmoja amemkumbatia dereva, mkono wa pili ameinua mfuko juu. Katikati yao kuna dumu.

"Binti!" alipiga kelele kabla hawajasimama. "Nimepanda pikipiki!"

"Nilidhani umerudi nyumbani, Ami."

"Sheli ya karibu iko nyuma. Nilipofika pale nimewaza kurudi, sikufichi. Lakini kuna mama anakaanga bagia, zinatoka motomoto. Mtu haendi kuozesha na tumbo tupu." Macho yake yaling'aa. Nimekaa naye ukuta kwa ukuta siku zote hizo sikujua kuwa ana mwanya.

Tukakata chupa ya maji tukafanya faneli, tukamimina. Nikawasha. Pilipili ikaitika! Tukapiga makofi, washauri wote wakapiga makofi. Nikatazama mshale niuone unavyopanda kwa furaha.

Mshale ukatetemeka, ukaanguka chini kabisa. Hauna kitu.

"Tumeweka au tumetoa?" Ami akauliza.

Buguruni hadi Ubungo, na maelezo ya boya

Hapa ndipo nilipoelewa, nami nawaeleza nyie mnaonunua vigari, msije mkashuhudia ovyo.

Ndani ya tangi la petroli kuna boya, kama lile la kwenye simtanki nyumbani. Mafuta yakipanda boya linapanda, yakishuka linashuka, na mkono wake ndio unaoupelekea mshale habari. Mnakumbuka simtanki langu lilivyokwama boya juu, maji yakagoma kuingia, nikawa namlaumu mwenye nyumba? Ndiyo ishu yenyewe. Boya la Pilipili lilikwama nusu. Mafuta yanakwenda zake, boya limebaki linaning'inia hewani linatangaza nusu. Yule braza alipolitikisa gari na sisi tulipomimina kwa fujo, likaanguka, likakwama chini. Sasa linatangaza sifuri.

Nilipita kituo cha mafuta cha kwanza kilichokuwa upande wetu, nikajaza tangi hadi bomba likajikata lenyewe. Mshale ukabaki chini. Mwenye pampu akainama dirishani, akautazama, akanitazama mie, akautazama tena. "Dada, nimekujazia, haki ya Mungu. Usije ukaniletea kesi." Ilibidi Ami atoe ushahidi kwamba aliyaona yakiingia.

"Sasa tutajuaje yaliyobaki?" Ami akauliza tulipoondoka.

Nikamwonyesha kile kidude kinachohesabu kilometa. Ukijaza tangi unakibonyeza, kinaanza sifuri, halafu unakwenda kwa hesabu ya safari, si kwa mshale. Ami akakipenda mno. Akaacha kutazama vituo vya basi, akawa anakitazama hicho, na kila namba ikibadilika anaitangaza kama konda: "Tatu hiyo! Nne hiyo, Buguruni ileee!" Madereva wa malori walikuwa wanatuchungulia.

Foleni ilitushika kabla ya Ubungo, ile foleni ambayo unaweza kununua korosho, kufuli na ramani ya Afrika bila kufungua mlango. Tukala bagia. Ami akaniambia kuwa Khamis alikuwa mwizi wa bagia. Wakiwa wadogo mama yao akiwagawia, Khamis alikuwa anakula zake, halafu anasema, "Seif, tazama kunguru," na Seif anatazama.

"Kila siku?"

"Kila siku! Na mie kila siku natazama. Nilikuwa napenda kunguru." Akacheka mpaka makombo yakamrukia kanzuni. Kisha akayaokota moja moja, akayatupa nje ya dirisha. Baadaye akatangaza kilometa, lakini polepole.

Mwenge

Wenzangu, mie nilijua tangi limejaa. Nilijua kwa akili. Lakini macho ni mengine. Kila nikitazama mbele naona mshale uko chini. Kwa hiyo tuliposimamishwa na foleni karibu na makutano ya Mwenge, mkono wangu ukazima gari wenyewe, ili "kuokoa mafuta". Tangi limejaa pomoni, nami naokoa.

Foleni ikasogea. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Si kikohozi, si mguno. Kimya cha kaburi. Honi zikaanza nyuma.

Wakaja wanaume wawili watatu kutoka upande wa soko la vinyago, mavumbi ya mpingo yamewajaa mikononi. Mkubwa wao, aliyefunga taulo kiunoni, akachungulia ndani akaona mshale.

"Sista, umeishiwa mafuta."

"Sijaishiwa. Nimejaza."

"Mshale uko chini, sista."

"Mshale mwongo, braza."

Wakatazamana. Mnajua wanaume wakitazamana hivyo. Wakatusukuma mpaka pembeni huku wakinibembeleza kama mgonjwa: sawa dada, sawa, mshale mwongo. Mwenye taulo akasema ngoja tuhakikishe, akafungua kifuniko cha tangi, akaweka jicho, haoni, akamwambia mwenzake aitikise gari. Mwenzake akaitikisa kwa moyo wote. Petroli ikaruka ikammwagikia mkubwa wao kwenye taulo na ndala. Akaruka nyuma anapiga kelele, "Limejaa! Jamani, limejaa kweli!" na wote wakamsukumia mbali na mtu mmoja aliyekuwa anavuta sigara. Mie nilishaanza kucheka kile kicheko cha kulia. Nilikuwa nimeshinda mabishano na gari haliwaki.

Adhana ya alasiri ikasikika. Nikah ilikuwa baada ya sala hiyo. Simu inaita na siwezi kuipokea. Nikalala juu ya usukani.

Ami alikuwa ametulia. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na basi limeandikwa MBAGALA kwa herufi nyekundu, linapakia, tena lina nafasi. Alilitazama, nami nikamwona analitazama. Nikasema moyoni, nenda tu Ami, hata mie ningekwenda.

Akasafisha koo.

"Binti wa baridi. Hicho kijiti hapa katikati. Nimekikwepa na joho langu njia nzima, kwa hiyo nakijua. Kila ukiwasha kilikuwa mbele kabisa. Sasa mbona kiko huku nyuma?"

Nikatazama. Gia. Nilizima gari likiwa kwenye gia ya kuendea, na vigari hivi vya otomatiki haviwaki namna hiyo hata uvipigie magoti. Nikasukuma kijiti mbele, nikazungusha ufunguo, Pilipili ikanguruma.

Wachonga vinyago walishangilia kama timu imefunga goli. Mwenye taulo alinipigia saluti. Ami hakulitazama tena lile basi. Alisema, "Kimbia, mwanangu. Mtoto wangu ananisubiri."

Mtoto wangu. Alisema hivyo.

Mbweni

Sikumbuki vizuri Mbezi wala Tegeta, zilipita kwa mbio na kwa sauti ya Ami akitangaza kilometa kwa nguvu zaidi ya mwanzo. Tukaacha barabara ya Bagamoyo, tukakata kulia kuelekea upande wa bahari, kwenye yale majumba mapya na barabara zake za mashimo. Nikagonga shimo moja baya, meno yakagongana, na mshale, mbele ya macho yetu, ukaruka kutoka chini mpaka juu kabisa!

Tulipiga kelele wote wawili. Mie nikaimba pambio lenu lile la Jumapili, Ami akapiga takbiri, na mlinzi wa nyumba moja akasimama kutupigia makofi. Huko ndiko sauti yangu ilikobaki.

Tulipofika langoni furaha ikakatika. Magari yamejaa, turubai limefungwa, wanaume wa upande wa bwana harusi wameketi wamechoka. Ami hakufungua mlango. Alishika joho kwa mikono miwili, akaitazama nyumba. Madirisha makubwa, maua ya asumini ukutani. Midomo yake ilikuwa inatembea, na nikaelewa kuwa anajifunza maneno ya kumwambia mjane wa kaka yake.

Bi Shemsa mwenyewe, mama yake Nasra, akatoka. Mnene, mrefu, hina mpaka viwikoni, kiatu kimoja mguuni. Akaja moja kwa moja akafungua mlango wa Ami.

"Shemeji," Ami akaanza, "kabla sijaingia, mie, kuhusu mambo ya marehemu…"

"Shemeji, watu wana njaa," akasema Bi Shemsa. "Ingia umwozeshe mwanao. Mengine tutayazungumza kwenye biriani." Akamkung'uta makombo ya bagia yaliyobaki kifuani, akamvisha joho, akamwekea kofia sawa. Kisha akanigeukia mie kama simba. "Gauni!"

Nililikimbiza ndani. Wanawake walimvisha Nasra huku mie nimepiga magoti namalizia pindo na sindano mdomoni. Bado nashona, Ami akabisha hodi ya kuomba idhini ya bibi harusi. Mnajua desturi: mwali ananyamaza, anainamisha kichwa, labda anajibu kwa kunong'ona, ndiyo haya yake.

"Nasra binti Khamis," sauti ya Ami ilikatika kwenye jina la Khamis, akarudia, "Nasra binti Khamis, unaniruhusu nikuozeshe?"

"NDIYO!" Nasra alipiga kelele mpaka sindano ikanitoka mdomoni. "Ndiyo Ami!"

Mama mmoja akadhani mambo yamekwisha, akapiga kigelegele. Wa jikoni wakapokea. Kule nje wanaume wakasikia vigelegele, wakasema alhamdulillah, wakaanza kupeana mikono na kuvamia halua. Shehe akawa anapaza sauti, "Bado! Jamani, bado sijaanza!" Ami alitoka chumbani anacheka na kulia, anafuta uso kwa mkono wa joho, akaenda kukaa pale sebuleni, na ndoa ikafungwa ikiwa imeshasherehekewa. Biriani ile, wenzangu, sitaieleza, nitawatia dhambini.

Jua lilipoanza kulegea nikamwendea. Alikuwa amekaa na Bi Shemsa barazani, sinia la kahawa katikati yao.

"Ami, mie narudi. Twende?"

Bi Shemsa akatazama kahawa. Ami akatazama ile asumini.

"Tangulia, binti. Nitakuja."

Nikarudi Mbagala peke yangu. Leo fremu yake bado imefungwa, na wateja wake wa vifungo wanakuja kusimama mlangoni kwangu, wanauliza mzee amekwenda wapi, anaumwa?

Nawajibu haumwi. Yuko kwao.